Hodi isiyoitikiwa

Kwenye miradi ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, mimi nimeandika nyaraka na kupokea wageni zaidi kuliko nilivyoandika msimbo, yale maagizo yanayounda programu yenyewe. Kila tukikutana swali ni lile lile: mbona wanawake hawaji? Nami huuliza: aliyebisha hodi mwezi uliopita aliitikiwa na nani?

Mwaka 2006 GNOME, mradi wa programu huria, ulipata maombi 181 ya wanafunzi kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa watu wachangie programu huria. La mwanamke halikuwemo hata moja. Msimu huo huo wakatangaza nafasi za wanawake peke yao, yakaja maombi 100. Kumbe walikuwepo! Mpango huo ndio uliokua ukawa Outreachy, unaowalipa washiriki wake wakati wanajifunza kazi.

Lakini tangazo huleta mtu mlangoni tu. Mgeni wetu mmoja, mhasibu kwa taaluma, alituma sahihisho la mistari miwili kwenye maelekezo ya kusakinisha programu. Hatua ya nne ilidai nenosiri ambalo hutengenezwa hatua ya sita. Sisi wenyeji tulikuwa tunaruka pale bila hata kuona. Sahihisho likakaa siku 19, kisha akajibiwa: "Soma maelekezo kwanza." Maelekezo yenyewe ndiyo aliyokuwa anayasahihisha! Hakurudi, na simlaumu.

Siku hizi tuna zamu ya wiki. Mwenye zamu humjibu kila mgeni ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni "nimeiona, nitaiangalia Ijumaa". Zamu hii imetusaidia kuliko mabango yote ya "karibuni nyote".

Halafu kuna suala la kuhesabiwa. Orodha yetu ya shukrani ilikuwa inatolewa na mashine kwenye kumbukumbu za msimbo, kwa hiyo mfasiri, mchoraji na mtu aliyejaribu toleo jipya la programu usiku kucha hawakuonekana. Sasa tunaiandika kwa mkono. Debian, mradi wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walikwenda mbali zaidi: mwaka 2010 waliamua kwa kura kwamba hata asiyetengeneza vifurushi vya programu anaweza kuwa mwanachama kamili, naye akapiga kura. Hapo ndipo ningependa tufike. Bado tunabishana.

Ila tusichanganye mambo. Kuwa mwanamke si kutojua msimbo. ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliandaliwa programu zake na wanawake sita katikati ya miaka ya 1940. Hata hivyo nimemwona programa hodari, mgeni kwetu, akiombwa kuandika muhtasari wa kikao mara tatu mfululizo, kisa "mwandiko wako unasomeka". Tulikuwa tunaandika kwenye kompyuta.

Muhtasari nao tukauwekea zamu, kwa kufuata alfabeti. Wa kwanza akawa kiongozi wa mradi. Aliuleta baada ya wiki mbili, akiwa amesahau nusu ya maazimio.