Kupigwa nyuma ya ukuta si lazima umechitiwa

Kaa kwenye kibanda chochote cha gemu Sinza, utaisikia: “Nilishaingia nyuma ya ukuta, kanipigaje? Huyo anachiti!” Mara nyingi hachiti. Katika Counter-Strike, gemu ya kurushiana risasi mtandaoni, mwamuzi ni seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mechi, si kompyuta yako. Risasi ikifika, seva hurudisha saa nyuma kidogo na kuangalia mpigaji alikuwa anaona nini alipobonyeza. Pingi yake, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa milisekunde 150, jambo la kawaida ukicheza kutoka Dar kwenye seva ya Ulaya, yeye alikuona bado uko wazi, ingawa kwenye skrini yako ulishajificha. Bila hesabu hiyo, sisi wa mbali tungekuwa tunapiga hewa tu.

Wachiti wanaoona kupitia ukuta wapo kweli, na wanakera. Wanaweza kwa sababu kompyuta yao hupokea mahali ulipo hata kabla hujaonekana. Ndiyo maana seva ya Valorant, gemu nyingine ya aina hiyo, huificha taarifa hiyo mpaka adui akaribie kuonekana. Programu ya kuzuia kuchiti peke yake haitoshi, maana imekaa kwenye mashine ya mwizi mwenyewe. Kabla ya kuripoti, tazama marudio ya mechi kwa jicho la unayemshuku: je, bunduki yake inamfuata mtu aliye nyuma ya zege?