Beroya ya Kentucky

Nikifundisha historia ya elimu ya Marekani sianzii Harvard. Naanzia Berea, chuo kidogo chenye wanafunzi wapatao 1,500, pale nyanda za Kentucky zinapokutana na milima ya Appalachia. Watu wakisikia kwamba tangu 1892 hakitozi ada ya masomo, na kwamba kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki, akifuma vitambaa, akitengeneza mifagio au akilima, hudhani wameshakijua. Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi.

Mwanzilishi wake, mchungaji John G. Fee, alizaliwa mwaka 1816 katika nyumba ya mwenye watumwa. Alipohubiri kwamba utumwa ni dhambi, baba yake alimnyima urithi. Fee alimnunua kwa babaye mwanamke mtumwa aitwaye Julett, akampa uhuru. Miaka ilipopita Julett alijaribu kuwatorosha wanawe waliobaki utumwani. Alikamatwa, akafia gerezani. Namtaja kabla ya maprofesa wote kwa sababu, kwangu mimi, chuo hiki kinaanzia kwake.

Shule ilifunguliwa mwaka 1855, ikiwa chumba kimoja tu, na mahali pale Fee alipaita kwa jina la Beroya ya Matendo ya Mitume, sura ya 17. Kutoka sura hiyohiyo chuo kilichukua kauli yake: Mungu ameumba mataifa yote kwa damu moja. Desemba 1859 wapanda farasi wapatao 60, wenye silaha, waliwapa Fee na wenzake siku kumi wawe wametoka Kentucky.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha walirudi, safari hii pamoja na familia za askari weusi ambao Fee alikuwa amewahubiria kambini Camp Nelson. Hesabu ya mwaka wa masomo wa 1866 hunigusa kila niisomapo: wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91. Darasa moja, meza moja ya chakula. Miaka michache baadaye Julia Britton, msichana mweusi, alikuwa akiwafundisha watoto wa kizungu muziki, na mwaka 1872 bodi iliruhusu hata uchumba baina ya weusi na weupe.

Kisha wakaja wawili: rais William Goodell Frost, mwaka 1892, na Sheria ya Day, mwaka 1904, sheria ya jimbo iliyokataza weusi na weupe kusoma pamoja. Wengi huilaumu sheria peke yake. Mimi siwezi. Frost aliwageuzia macho vijana weupe maskini wa milimani, ambao wafadhili wa kaskazini waliwahurumia kwa urahisi zaidi, na sheria ilipofika, weusi hawakufika hata moja ya tano ya wanafunzi. Fee mwenyewe, akiwa mzee, aliupinga mwelekeo huo hadharani. Alifariki mwaka 1901, bila kuiona sheria hiyo. Jimbo zima lilikuwa na chuo kimoja tu kilichowasomesha weusi na weupe pamoja, hicho hicho Berea.

Carter G. Woodson aliwahi kuhitimu mwaka 1903. Mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, mchimba makaa ya mawe, ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya watu weusi, ambayo leo ni mwezi mzima wa Februari. Angechelewa mwaka mmoja, mlango angeukuta umefungwa.

Chuo kilikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908. Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky na wa ukoo uliomiliki watumwa, alipinga hukumu hiyo kwa ukali. Berea ikawalipia baadhi ya wanafunzi wake weusi wakasome kwingine, ikachangisha fedha za kuwajengea shule mpya, Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912 karibu na Louisville. Sheria ililegezwa mwaka 1950, na mwaka huohuo wanafunzi weusi wakaanza kurudi Berea.