Je, wajua kwa nini misitu ya Gondar Kusini ina umbo la duara?

Fungua picha za setilaiti kwenye simu yako, utafute mji wa Debre Tabor, katika eneo la Gondar Kusini, kaskazini mwa Ethiopia, mashariki mwa Ziwa Tana. Utaona mashamba hadi upeo wa picha, ya kahawia na manjano, miti ya kuhesabika. Katikati ya mashamba hayo kuna madoa ya kijani kibichi, mengi yakiwa ya duara. Kuza picha kidogo. Ndani ya doa utaona paa linalong'aa, mara nyingi nalo la duara. Hilo ni kanisa.

Zamani nyanda hizo zilikuwa na misitu mikubwa. Kwa karne nyingi ilikatwa ili kupata mashamba, malisho na kuni. Misitu ya asili iliyobaki huko, kwa sehemu kubwa, ni ile iliyo kwenye viwanja vya Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo, kanisa lenye mizizi ya karne ya 4, enzi za mfalme Ezana. Misitu mingi haifiki hekta 10, lakini ndani yake kuna mitarakwa na mizeituni mwitu, ndege, makaburi ya wazee, na mara nyingi chemchemi ambayo waumini huchota maji ya baraka. Nyuki wanaoishi humo hutoka kwenda kuchavusha mazao ya majirani.

Kwa nini shoka liliishia hapo? Tazama kanisa lenyewe lilivyojengwa. Makanisa ya duara ya Ethiopia yana sehemu tatu, moja ndani ya nyingine. Ya ndani kabisa hukaa tabot, ubao mtakatifu unaowakilisha sanduku la agano, na ni makasisi na mashemasi tu wanaoingia. Msitu unaendeleza duara hizo kwa nje. Waumini huuona kama mfano wa Edeni, na miti kama vazi la kanisa. Kwa hiyo anayekata mti hapo analivua kanisa nguo. Nasema hili kwa uchungu, maana kanisani ninakosali mwembe mkubwa ulikatwa, zege likamwagwa, tukapata maegesho ya magari. Tulishangilia, na hakuna aliyefikiri kwamba tulikuwa na jambo la kutubu.

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la Science kwamba Ukristo wa Magharibi unabeba lawama kubwa kwa uharibifu wa mazingira, kwa sababu ulimfundisha mtu kwamba viumbe vyote vipo kwa ajili yake. Kila anayeijadili hoja hiyo huishia kwenye Mwanzo 1:28: mkaijaze nchi, na kuitiisha, mkatawale. Naona tusikimbilie kuilainisha aya hiyo. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kuitiisha" ni kabash, neno gumu, linalotumika hata kwa nchi iliyotekwa vitani. Lakini "kutawala" ni radah, na Ezekieli 34:4 inalitumia neno hilohilo kuwashutumu wachungaji waliolitawala kundi "kwa nguvu na kwa ukali". Kwa hiyo Biblia yenyewe inajua utawala mbaya na inauhukumu.

Halafu wengi wetu tunaishia hapo, hatufiki sura ya pili. Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu katika bustani "ailime na kuitunza". Ukitaka kujua mtu aliumbwa afanye nini, kazi yake ya kwanza imeandikwa hapo, kwa vitenzi viwili. Na hapa Kiswahili chetu, kizuri kama kilivyo, kinatuficha kitu. "Kulima" ni abad, ambacho pia ni kutumikia. Ndicho kitenzi cha aya tunayoibandika ukutani sebuleni: "mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA." "Kutunza" ni shamar, yaani kulinda. Ndicho alichokitumia Kaini alipouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake, na ndicho kilicho katika Zaburi 121 tunayosomeana kabla ya safari: "BWANA ndiye mlinzi wako." Bustani ilipaswa kupata ulinzi wa aina hiyo kutoka kwa mtu.

Tena vitenzi hivyo viwili vinakaa pamoja katika Hesabu 3:7-8, vikieleza kazi ya Walawi katika hema ya kukutania. Adamu amekabidhiwa bustani kama vile Mlawi alivyokabidhiwa hema. Papa Fransisko aliirudia aya ya kulima na kutunza katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, akisisitiza kwamba haki ya kula matunda ya ardhi inakwenda pamoja na wajibu wa kuilinda. Wakulima wa Gondar Kusini hawakuusubiri waraka huo. Kanisa lao lilikuwa limesimama ndani ya bustani tangu zamani.

Hata hivyo heshima peke yake haikutosha. Ng'ombe na mbuzi waliingia kutafuta majani na kula miche, ikabaki miti mizee isiyo na warithi. Mtaalamu wa ikolojia wa Ethiopia, Alemayehu Wassie, pamoja na Margaret Lowman wa Marekani, walikaa na makasisi wakawaonyesha picha za angani jinsi misitu inavyopungua. Wakakubaliana kujenga kuta za mawe kavu, bila saruji. Mawe yakaokotwa mashambani, ambako yalikuwa yakimsumbua mkulima na plau yake, yakapangwa kuzunguka msitu kwa mikono ya wanakijiji wenyewe, na lango likawekwa la watu kupita kwenda ibadani. Ndani ya kuta miche ilianza kuchipua tena. Na wako waliojenga ukuta wao hatua kadhaa nje ya mti wa mwisho, ili msitu upate pa kukulia.