Safari ya Denali huanza na tiketi ya basi

Watu wengi wanaoniomba niwapangie ziara ya Hifadhi ya Taifa ya Denali, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, huja wakiwa wameshalipia hoteli na treni, kisha huniuliza ni lini wapande basi. Ushauri wangu ni kinyume chake: kata kwanza tiketi ya basi, halafu mambo mengine yote uyapange kuifuata. Hifadhi hii ina eneo la takriban kilomita za mraba 24,000, na ndani ya eneo lote hilo ipo barabara moja tu, yenye urefu wa maili 92, yaani kilomita 148. Maili 15 za mwanzo zina lami, na mwenye gari lake anaruhusiwa kuendesha hadi Mto Savage. Lami inapoishia ndipo changarawe inapoanza, na kuanzia hapo, wakati wa kiangazi, anayetaka kwenda mbele hupanda basi la hifadhi, la sivyo atembee kwa miguu au aende kwa baiskeli.

Utaratibu huo una historia fupi inayofaa kujulikana, kwa sababu wageni wengine huuona kama usumbufu tu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1917, na barabara yake ikajengwa kati ya mwaka 1923 na 1938, wakati ambapo watu waliofika huko walikuwa wachache. Mwaka 1971 barabara kuu ya George Parks ilikamilika na kuunganisha miji ya Anchorage na Fairbanks, ikipita mlangoni kabisa mwa hifadhi. Wasimamizi waliona wazi kwamba magari yangefurika, hivyo mwaka uliofuata wakaanzisha mabasi na kuyazuia magari binafsi. Hadi leo idadi ya magari yanayovuka Mto Savage ina kikomo, na mpango wa mwaka 2012 uliweka kikomo hicho kuwa magari 160 kwa saa 24. Naamini kwa dhati kwamba uamuzi huo ndio uliohifadhi thamani ya mahali hapa, maana dubu wa Denali bado hutembea katikati ya barabara bila kubanwa na msururu wa magari ya watazamaji.

Kabla ya kuchagua tarehe, lazima ujue barabara inafika wapi. Katika eneo liitwalo Pretty Rocks, kwenye maili ya 45 hivi, barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima ambao chini yake kuna udongo na mawe yaliyoshikanishwa na barafu ya kale. Barafu hiyo inayeyuka kadiri hali ya hewa inavyopata joto, na ubavu mzima wa mlima umekuwa ukiteleza. Kabla ya mwaka 2014 ardhi hapo ilisogea inchi chache kwa mwaka. Kufikia 2017 ilikuwa inchi kwa mwezi, kufikia 2019 inchi kwa wiki, na mwezi Agosti 2021 ilisogea zaidi ya nusu inchi kwa saa, mwendo ambao hakuna malori ya changarawe yangeweza kushindana nao. Tangu mwezi huo mabasi yamekuwa yakigeuza kwenye maili ya 43, karibu na daraja la Mto East Fork. Daraja la chuma lenye urefu wa takriban mita 145 linajengwa kuruka sehemu inayoporomoka, nalo ndilo litakaloamua lini wageni watafika tena kwa basi kwenye kituo cha Eielson cha maili ya 66 na Ziwa Wonder la maili ya 85. Vitabu na makala nyingi za zamani bado zinasifu sehemu hizo mbili kana kwamba basi linafika, kwa hiyo soma tangazo la hifadhi kwa ajili ya msimu wako hasa, wala usitegemee simulizi la mtu aliyekwenda mwaka 2019.

Mabasi yenyewe ni ya namna mbili. Yapo ya utalii, ambayo dereva wake ni mtaalamu anayeeleza mambo njia nzima, na abiria hubaki na basi lilelile hadi mwisho wa safari. Yapo pia ya usafiri wa kawaida, ambayo hayana maelezo rasmi ingawa madereva wengi huzungumza kwa hiari yao, na abiria anaweza kushuka karibu popote, akatembea, kisha akapanda basi jingine linalopita lenye nafasi. Ya pili yana nauli ndogo zaidi, na kwa kawaida vijana wa miaka 15 na chini yake hawalipi nauli. Kwa mzee asiyependa kutembea, au kwa mtu mwenye siku moja tu anayetaka kuelezwa kila kitu, basi la utalii linafaa. Wengine wote nawaelekeza kwenye basi la kawaida, kwa sababu kuitazama Denali kupitia kioo tu ni kupata nusu ya kile ulichokifuata mbali namna hiyo. Mbali na nauli, kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi hulipa kiingilio cha hifadhi, ambacho kimekuwa dola 15.

Msimu wa mabasi ni mfupi: huanza karibu na tarehe 20 Mei na kuisha katikati ya Septemba, na tiketi kwa kawaida huanza kuuzwa mwanzoni mwa Desemba iliyotangulia. Mwezi Juni mwanga haukatiki karibu usiku wote, lakini Juni na Julai ndiyo miezi ya mbu, na mbu wa Alaska si wa kupuuzwa. Mimi nazipenda siku za mwisho wa Agosti na za mwanzo wa Septemba, wakati mimea ya tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, inapogeuka kuwa nyekundu na ya dhahabu, mbu wamepungua, na usiku umerudi kuwa na giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani, mbingu zikiwa safi. Gharama yake ni baridi, ingawa hata Julai theluji inaweza kuanguka.

Treni ya Denali Star huondoka Anchorage saa mbili na kitu asubuhi na kufika hifadhini alasiri, wakati ambapo safari ndefu za basi za siku hiyo zimeshaondoka. Anayetoka Fairbanks hufika adhuhuri. Hivyo mtu anayelala usiku mmoja tu, akashuka na treni leo na kupanda ya kesho, hujikuta hana siku kamili ya basi hata moja. Nasisitiza usiku mbili, tena ikiwezekana tatu. Alasiri ya kufika usiipoteze: panda basi la bure la Mto Savage, ambalo huenda na kurudi kwa muda wa saa mbili hivi. Kati ya maili ya 9 na ya 12, siku isiyo na mawingu, mlima Denali wenyewe hujitokeza upande wa kusini-magharibi.

Kuhusu mlima huo, wenye kimo cha mita 6,190 na ambao tangu Januari 2025 nyaraka za serikali ya shirikisho zinauita McKinley huku hifadhi ikibaki na jina la Denali, nawaambia wageni ukweli mapema: ni takriban mgeni mmoja kati ya watatu anayeuona. Ni mkubwa kiasi kwamba hujitengenezea mawingu yake. Aliyepanga siku mbili za kuwa barabarani huongeza nafasi yake, na ndiyo maana nakataa kuwapangia watu ratiba ambayo furaha yote imewekwa kwenye asubuhi moja.

Safari ya kwenda maili ya 43 na kurudi huchukua karibu saa tano bila kushuka kutembea. Mabasi huanzia kituo kiitwacho Denali Bus Depot, na ukishapita eneo la lango hakuna duka wala mgahawa, kwa hiyo beba chakula cha siku nzima, maji, koti la mvua, nguo za joto za kuvaa moja juu ya nyingine, na darubini. Mwenye mtoto mdogo abebe kiti chake cha usalama, kwa kuwa sheria ya Alaska inakidai hata ndani ya basi. Viti havina namba. Wakati wa kwenda, upande wa kushoto ndio wenye mabonde na mlima, ila upande wa kulia nao una miteremko ambayo kondoo-mwitu weupe wa Dall hupenda kusimama.

Abiria ndio macho ya basi. Anayeona mnyama hupaza sauti kumwambia dereva asimame, akitaja upande na umbali, na dereva huzima injini. Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni doa la rangi ya majani makavu, mbali juu ya mteremko. Ukiliwekea darubini unaona mabega yakipanda na kushuka, kisha kipande cha udongo kinabinuliwa, na hapo ndipo unapojua kwamba ni dubu anayechimba mizizi. Kuanzia wakati huo hakuna anayetoa mkono au kichwa dirishani, na watu huzungumza kwa kunong'ona. Ukiwa nje ya basi, sheria inakutaka ukae angalau mita 275 kutoka kwa dubu na mita 23 kutoka kwa mbwa-mwitu na wanyama wengine wakubwa.

Ukitaka kushuka, mwambie dereva, naye atakueleza kama mahali hapo panaruhusiwa. Kipito cha mlimani kiitwacho Sable Pass, kati ya maili ya 38 na ya 43 hivi, hakiruhusiwi kutembewa nje ya barabara kwa sababu dubu hukitumia sana. Penye ruhusa, njia zilizochongwa ni chache mno, na kundi hushauriwa kutawanyika badala ya kufuatana kwa mstari ili nyayo zisichimbe njia mpya kwenye tundra. Nawapeleka wanaoanza kwenye maeneo mapana ya changarawe kando ya mto, mfano East Fork, ambako hatua ni nyepesi na dubu huonekana kutoka mbali. Vijito vitokavyo kwenye barafu hujaa alasiri, jua likishayeyusha barafu hiyo, hivyo kijito ulichokivuka asubuhi kwa urahisi usikitegemee wakati wa kurudi. Anayetaka kulala porini hupata kibali bila malipo hifadhini kwenyewe, pamoja na kuazimwa chombo cha chakula kisichofunguliwa na dubu.

Kurudi ni suala la subira. Simama kando ya barabara mahali ambapo dereva atakuona mapema, mbali na kona, na umpungie mkono. Akiwa na nafasi mbili nanyi ni wanne, wawili watatangulia na wawili watasubiri, na kusubiri kunaweza kuzidi saa moja. Kwa hiyo gawaneni chakula na nguo za mvua tangu asubuhi, kila mtu abebe vyake. Na kabla hujashuka, muulize dereva saa ambayo basi la mwisho la kurudi hupita hapo, uiandike, kisha panga kuwa barabarani mapema kiasi cha kuliacha basi moja lililojaa lipite.