Visu na misumeno ya mochwari: jibu kwa wanaouliza "mtamkatakata?"

Ndugu wanaofika Mbeya kutoka Rungwe au Mbozi kuchukua mwili, wakiambiwa lazima ufanyiwe uchunguzi kwanza, huniuliza: "Daktari, mtamkatakata mama yetu?" Wana haki ya kuuliza. Mwili utaagwa nyumbani, jeneza likiwa wazi. Mimi ni daktari wa patholojia, yaani ninayechunguza miili kutafuta chanzo cha kifo, na naona jibu la kweli limo kwenye vifaa vyenyewe.

Kisu cha thieta, chumba cha upasuaji wa walio hai, ni kidogo, maana kidonda lazima kipone. Wembe huchomekwa kwenye mpini na hutupwa ukishatumika. Namba 10 hupasua ngozi, namba 11 wenye ncha kali hutoboa jipu, namba 15 ni wa kazi ndogondogo.

Mochwari tunatafuta kuona. Kisu chetu ni kikubwa, hushikwa kwa kiganja kizima, na mkato huvutwa mrefu, mara moja. Ubongo mbichi ni laini kuliko parachichi lililoiva. Ukiukata kwa kwenda na kurudi unavurugika na dalili za kiharusi zinapotea. Ndiyo maana, muda ukiruhusu, tunauloweka kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi viungo, kwa wiki mbili hivi ukaze. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni mkasi wa utumbo. Ncha yake moja ina kitufe cha mviringo, nacho hutangulia ndani ya utumbo bila kuutoboa. Nikikuta tundu, najua ni la ugonjwa, labda taifodi, si la mkono wangu.

Hofu kubwa ni kichwa. Mkato huanzia nyuma ya sikio moja, hupita utosini na kuishia nyuma ya sikio la pili, kisha ngozi hukunjuliwa mbele na nyuma. Kwa kawaida uso haupasuliwi. Fuvu hukatwa kwa msumeno wa umeme ambao bapa lake halizunguki, linatikisika kidogo tu huku na huku. Mfupa ni mgumu, hausogei, kwa hiyo unakatika; ngozi laini hucheza pamoja na bapa. Homer Stryker, daktari wa mifupa wa Marekani, aliupatia hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1947 kwa ajili ya kukata plasta ngumu, na wagonjwa waliovunjika miguu hadi leo hufunguliwa plasta hiyo (POP) kwa msumeno wa aina hiyohiyo. Ubaya wake ni vumbi la mfupa, linaloweza kubeba vimelea vya kifua kikuu. Tunalowesha mfupa na kuvaa barakoa nzito.

Fuvu hurudishwa mahali pake na ngozi hushonwa. Mkato wa kifua na tumbo hufunikwa na nguo, na ule wa kichwa hufichwa na nywele na mto. Marehemu akiwa na upara, au kama mila yenu inataka anyolewe, tuambieni kabla hatujaanza. Mkato unaweza kusogezwa nyuma zaidi, na mshono ukafanywa mwembamba zaidi.