Sufuria ya stenlesi, mshikio uliolegea na dawa ya meno: maswali na majibu

Kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda. Wanaoletwa wakiwa wameungua jikoni wana maelezo yanayofanana: mshikio ulizunguka, sufuria iliyumba, mtoto alivuta mpini. Wengi hufika wakiwa wamepakwa dawa ya meno. Kwa hiyo ukiniuliza ununue sufuria gani ya stenlesi, nitakazia mshikio kuliko mng'aro.

Stenlesi ni nini hasa?

Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, metali nyingine, isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa hutengeneza utando usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa, hujijenga upya.

Namba 18/10 kwenye kitako zina maana gani?

Asilimia 18 ni kromiamu, 10 ni nikeli, nayo ni metali. Kati yake na 18/8 hutaona tofauti kubwa jikoni. 18/0 haina nikeli ya kuhesabika, bei yake ni nafuu, na huwahi kupata madoa ya kutu ikilala na maji ya chumvi. Mwenye aleji ya nikeli, yule ambaye hereni za bei rahisi humwasha masikio, achukue hiyo. Wengine msihangaike. Nikeli inayoingia kwenye chakula ni kidogo, na hutoka zaidi sufuria ikiwa mpya na chakula kichachu kikichemka kwa muda mrefu.

Muuzaji anasema sumaku ikinata, sufuria ni feki.

Si kweli. 18/0 hunata sumaku na ni stenlesi halali. Hata sufuria za bei kubwa huwekewa kitako kinachonata ili zitumike kwenye jiko la indaksheni, yaani la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku. Acha sumaku nyumbani.

Basi niangalie nini dukani?

Anza na kitako. Stenlesi yenyewe husambaza joto vibaya, ndiyo maana sufuria nzuri huwa na tabaka la alumini au shaba ndani ya kitako, au mpaka kwenye kuta zake. Nyembamba tupu huunguza chakula sehemu moja, kisha kitako hupinda. Iweke juu ya meza iliyo sawa, bonyeza ukingo upande mmoja, kisha upande wa pili. Ikicheza, rudisha. Inayocheza ikiwa tupu dukani itacheza ikiwa imejaa supu inayotokota.

Sasa mshikio, na hapa usione haya mbele ya muuzaji. Ushike, utikise kwa nguvu, jaribu kuuzungusha. Napendelea uliopigwa ribiti (pini za chuma zilizogongwa zikashika) nene, mbili au zaidi kila upande. Uliochomelewa vizuri nao unafaa, ila angalia alama za uchomeleaji: zikiwa chache na ndogo, uache. Wa skrubu moja hulegea, ni suala la muda tu. Shika mshikio ukiwa umekunja kitambaa mkononi: vidole vikigusa ukuta wa sufuria, siku ya kuepua utaiachia.

Fikiria na uzito. Sufuria ya lita 10 ikijaa hubeba kilo 10 za maji, hapo hujahesabu chuma chenyewe. Ya ukubwa huo lazima iwe na mishikio miwili. Na seti ya vyombo kumi na viwili vyepesi kama karatasi sikushauri. Kwa pesa hiyohiyo nunua viwili vizito.

Mtoto amemwagikiwa maji ya moto. Nimpake nini kwanza?

Usimpake kitu. Weka sehemu iliyoungua kwenye maji ya kawaida ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Hesabu kwa saa, kwa sababu dakika 20 mtoto akilia ni ndefu na wengi huacha baada ya mbili. Joto lililoingia kwenye ngozi huendelea kuunguza hata maji ya moto yakishamwagika, na maji baridi ndiyo yanayolitoa.

Lakini dawa ya meno si inapoza?

Hapana. Ubaridi unaousikia ni wa mnanaa uliotiwa ndani yake. Joto liko palepale, sasa umelifunika. Kisha mimi ndiye ninayelazimika kuikwangua, mtoto akipiga mayowe, ili nione kidonda kimeingia kiasi gani.

Ute wa yai je? Siagi? Unga?

Hapana, hapana na hapana. Yai bichi linaweza kuwa na vijidudu, na unavipeleka mahali ambapo ngozi ya kuvizuia haipo tena. Siagi na unga huganda juu ya kidonda. Barafu pia hapana, huiumiza zaidi ngozi iliyokwisha kuumia. Maji. Dakika 20.

Saa nzima imepita, bado maji yanasaidia?

Ndiyo, yanasaidia hadi saa tatu baada ya kuungua. Mvue nguo, nepi na chochote kinachobana kabla hajavimba, lakini kilichogandana na ngozi usikivute. Ukimaliza, laza juu ya kidonda nailoni safi ya kufunikia chakula, bila kuizungusha ikabana, au kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Mwili uliobaki ufunikwe apate joto.

Malengelenge nitoboe?

Usitoboe.

Ni wakati gani wa kwenda hospitali?

Baada ya zile dakika 20, si kesho. Nenda ikiwa aliyeungua ni mtoto mdogo au mzee. Ikiwa ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo. Au ikiwa kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole. Nenda pia ngozi ikiwa nyeupe, nyeusi au ngumu kama ngozi ya kiatu, hata kama haiumi.

Na hasa kama haiumi. Naambiwa kila mara, "Hakulia sana, tukaona tusubiri kidogo." Kidonda cha moto kisichouma kinaweza kuwa kimeshaunguza mishipa ya fahamu, yaani kimeingia ndani sana. Msisubiri. Ukifika, uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mshikio wa sufuria yangu umelegea, nimeufunga kwa waya. Inatosha?

Haitoshi. Nimefunga mikono ya watu waliofunga mishikio kwa waya. Kama ni skrubu, ikaze sufuria ikiwa baridi na tupu, na uikague kila wiki. Kama ni ribiti iliyolegea, mpelekee fundi apige mpya. Akishindwa, sufuria hiyo wekea nafaka kavu, isirudi tena jikoni kwenye moto. Na yenye mpini mrefu, ukiipikia, geuza mpini uelekee ukutani.