Twiga Jirani na Tope Kavu: Dhana Potofu Kuhusu Picha za Ruwaza

Kikundi cha wapiga picha kikiandaa maonyesho ya ruwaza, yaani maumbo yanayojirudia, za asili na za majengo, haikosi picha ya ngozi ya twiga kutundikwa karibu na tope lililokauka. Macho hufurahi. Maelezo yanayotolewa mbele ya picha hizo ndiyo huwa na walakini.

Dhana: Vinavyofanana vina chanzo kimoja.
Tope hupasuka kwa kuwa maji yakitoka husinyaa. Twiga hakupasuka popote: huzaliwa na mabaka yake, na maumbo yake hubaki yaleyale maisha yote, ndiyo maana watafiti wa hifadhi ya Tarangire, Tanzania, humtambua kila twiga kwa picha tu. Sisi wapangaji wa picha tuna lawama hapa. Tunapenda mno jozi za namna hii.

Dhana: Gamba la nautilasi, kiumbe wa baharini mwenye gamba la msokoto, limefuata "uwiano wa dhahabu" (1 kwa 1.618 hivi).
Chukua rula. Msokoto wa uwiano huo hutanuka karibu mara 7 kwa kila mzunguko. Wa nautilasi, mara 3 hivi.

Dhana: Safu za boriti kwenye dari za Lamu na Mji Mkongwe ni pambo.
Wapo waliozichonga na kuzipaka rangi, sawa. Lakini boriti ni mkoko, na kazi yake ni kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Mkoko una kikomo chake, kwa hiyo upana wa chumba huishia kwenye mita 3 hivi. Aliyetaka nafasi zaidi alikirefusha chumba, hakukipanua. Picha ya dari ile, kwangu mimi, ni picha ya msitu wa mikoko. Nakshi hasa itafute kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na milango.

Dhana: Njumu za shaba milangoni, yaani vile vichwa vya misumari vilivyochomoza, ni za kuzuia tembo.
Simulizi hiyo ni ya India. Unguja tembo wa kuvunja mlango angetoka wapi? Hapa njumu zilitangaza uwezo wa mwenye nyumba.

Dhana: Bila kamera ghali huwezi kupiga picha za ruwaza.
Mjerumani Karl Blossfeldt alijiundia kamera mwenyewe, akapiga picha za vikonyo na machipukizi ya mimea na kuyakuza hata mara 30, mpaka kangaga likaonekana kama chuma cha kufuliwa. Alipata umaarufu mwaka 1928, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, picha zile zilikuwa vifaa vyake vya kufundishia darasani Berlin.